Mashine Isiyotumia Moto

Fundi Lukumani hakuwahi kukalia kiti kama alivyokikuta. Apewe kigoda jikoni kwa dada yake, au kiti cha mninga sebuleni kwa Darwesh, au lile benchi la zahanati linalobeba watu wanane, alikishika kwanza, akakigeuza mpaka kikatazama mashariki, ndipo akakaa. Wale wanane wa benchi walinyanyuka, wakamwacha ageuze, wakakaa tena huku wakiguna. Alipoulizwa sababu alisema mtu anayepigwa na upepo kisogoni ni sawa na mtu anayesengenywa, na yeye hapendi kusengenywa, anataka amwone anayemjia.

Zeyana binti Darwesh aliijua tabia hiyo tangu akiwa mtoto. Kila taa ilipoziba nyumbani kwao, au mfereji wa paa ulipotoboka, mama yake Bimdogo alimtuma Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora, kumwita fundi. Fundi alikuja na mkasi wa bati begani kama mtu aliyebeba bunduki, akageuza kiti, akanywa kahawa, akatukana kazi ya fundi aliyemtangulia, kisha akatengeneza. Kazi yake haikuvuja, ila ulimi wake ulikata kuliko mkasi. Alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika karakana ya reli, akaiacha siku mkubwa wake alipomwambia kazi ya fundi ni kukaza nati, siyo kuuliza nati inashika nini.

Dada yake mmoja tu, Maua, aliolewa mbali, kijiji cha Ilomelo, mbele ya Puge. Zamani misafara iliyotoka pwani kuelekea ziwani ilipumzika pale kwa sababu ya kisima. Kilikuwa kisima kirefu kilichojengwa kwa mawe, na ukingo wake ulichimbika mifereji kwa kamba za watu waliochota kabla babu za wanakijiji hawajazaliwa. Maji hayakukauka hata Oktoba. Tatizo lilikuwa kuyatoa. Kamba ilikuwa ya pima kumi, ndoo nzito, na foleni ilianza kabla jua halijachomoza.

Mwaka 1971 Lukumani alikwenda Ilomelo kusherehekea Idi. Maua alimpakulia pilau, na alipomkabidhi sahani fundi alimshika mkono akaugeuza.

"Hiki ni kiganja cha mpagazi," alisema.

"Ni kiganja cha mke wa mtu," Maua akajibu. "Kula."

Hakula vizuri. Alirudi Itetemia akaanza kukusanya vyuma. Alinyoosha mapipa ya lami akayakatia mabapa kumi na manane, akachukua ekseli ya lori lililokufa, akashona kiwambo cha pampu kwa ngozi ya ng'ombe aliyoiloweka katika mafuta ya karanga. Alikuwa ameona mtambo wa upepo wa namna hiyo mara moja tu, ujanani, kwenye shamba moja alikopelekwa na reli kutengeneza tangi, na alikuwa ameuchora kichwani. Ilimchukua miezi sita. Mei iliyofuata, upepo wa kiangazi ulipoanza kuvuma kutoka mashariki, mnara wa futi thelathini na tano ulisimama juu ya kile kisima cha misafara, gurudumu likazunguka, na maji yakapanda yenyewe yakaingia katika birika la saruji.

Wanawake wa Ilomelo waliupa jina siku hiyo hiyo. Kwa kuwa aliyeuleta ni kaka wa Maua, na wao ni mawifi wa Maua, waliuita Shemeji. Siku isiyo na upepo walisema, "Shemeji leo kalewa, kalala." Upepo ukirudi walipiga vigelegele wakamsifu, kisha wakamtania kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Kamba ilining'inizwa ukutani kwa ajili ya siku za Shemeji kulala, na viganja vikaanza kulainika.

Hali ikawa hivyo kwa miaka miwili.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliotawanyika porini walikusanywa Ilomelo, kaya mia tatu na zaidi, na kijiji kikatakiwa kiwe na ramani. Aliyetumwa kuichora alikuwa Zeyana. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ametoka chuoni mwaka uliotangulia, na ofisi ya mipango alikoajiriwa mjini ilikuwa na wachoraji wawili tu. Aliamini kazi ile. Aliamini kwamba watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na maji, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angeweza kulipinga hilo. Alikaa Ilomelo siku nne, akapima kwa mnyororo na vigingi, akalala kwa Maua, akaoga maji ya Shemeji na kuyanywa.

Alipochora, aliuweka mnara pale ulipo, duara dogo lenye alama ya msalaba ndani. Bosi wake, Ndugu Kornel, aliishika ile karatasi ya kuchorea akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki nini?"

"Mnara wa upepo, ndugu. Unavuta maji."

"Ni mashine?"

"Ni mashine."

"Basi mashine zina mahali pake." Akaonyesha pembe ya magharibi ya ramani, nyuma ya majabali makubwa, ambako kanuni iliwataka watenge eneo la mitambo. "Hapo katikati ni uwanja wa mikutano. Futa."

Wino wa ramani haufutwi kwa mpira. Unakwanguliwa kwa wembe, taratibu, mpaka karatasi iwe nyeupe tena, kisha unapitisha ukucha juu yake ili pawe laini. Zeyana aliufuta mnara kwa wembe. Ilimchukua kama dakika tano. Alifanya kazi safi, na Ndugu Kornel akamsifu kwamba huwezi hata kujua palikuwa na kitu.

Barua ilifika Ilomelo baada ya wiki mbili. Mnara uhamishiwe eneo la mitambo katika siku kumi na nne, la sivyo wanamgambo watauangusha kwa kamba na mashoka. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Masolwa, hakupenda, lakini hakuwa mtu wa kubishana na mhuri. Alimpelekea Lukumani barua ile Itetemia kwa basi la Nzega, na kesho yake asubuhi fundi alikuwa ofisini.

"Shikamoo, mzee," Zeyana alisema kutoka mezani pake.

"Marahaba."

"Karibu ukae, mzee," alisema Ndugu Kornel.

Kiti kilikwaruza sakafu ya saruji robo nzima ya mzunguko. Wachapaji wa chumba cha pili wakachungulia.

"Kiti hicho kina kasoro?"

"Kiti hakina. Ofisi yako ndiyo imempa upepo mgongo."

Ndugu Kornel alikuwa na subira ya mtu aliyeshiba. Alifungua kitabu cha kanuni akasoma kwa sauti. Mashine zote za kijiji zitakuwa katika eneo la mitambo, mita mia tatu kutoka nyumba ya mwisho, zikingwe na kilima au miti, kwa sababu ya moshi, kelele na hatari ya moto.

"Moshi?" Lukumani aliuliza. "Umeuona moshi wake?"

"Sijapata nafasi ya kufika huko."

"Kelele zake umezisikia?"

"Mzee wangu, kanuni haiandikwi kwa ajili ya mtu mmoja."

"Wala sijaja kuomba ya mtu mmoja. Nisikilize. Ule mnara chakula chake ni upepo. Ukiuweka nyuma ya majabali umemfungia ng'ombe zizini, ukamwambia majani yako nje, ajisevie."

"Upepo uko kila mahali, ndugu yangu. Hata humu ndani uko."

Lukumani alitazama juu, kwenye pangaboi lililokuwa likizunguka darini.

"Huo unakuja kwa waya," alisema. "Na kisima je? Nacho tukihamishe? Tukifunge katika magunia tukibebe?"

Zeyana alikaribia kucheka. Ndugu Kornel hakucheka. Alieleza kwamba serikali italeta pampu ya dizeli, mtambo wa kisasa, na kisima kipya kitachimbwa huko huko nyuma ya majabali, na watu wa Ilomelo wataacha kutegemea mapipa ya lami.

Hapo ndipo fundi alipogeuka.

"Binti Darwesh. Wewe umelala kwa dada yangu. Maji yale umeyanywa. Mwambie."

Zeyana aliitazama rula yake. Ilikuwa rula ya mbao yenye ncha za shaba, na mpaka leo anakumbuka kwamba namba saba ilikuwa imefutika. Alijua la kusema. Alijua kwamba kanuni ile iliandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria injini, na kwamba neno lenyewe "mashine" lilitumika pale kana kwamba duniani hakuna nguvu nyingine isipokuwa ya kuchoma kitu. Alijua pia kuwa nyuma ya majabali pale pana mwamba mtupu, alikuwa amepiga vigingi mwenyewe na viwili vikapinda. Hakusema. Alikuwa mgeni kazini, mwanamke peke yake chumbani, na mtoto wa mwenye duka katika mwaka ambao wenye maduka hawakuwa watu wa kusikilizwa. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli. Hakuna hata moja iliyomfaa baadaye.

"Haya," Lukumani alisema, akasimama. "Nimekuona."

Aliamua kuufungua mnara yeye mwenyewe. Alisema mashoka hayataugusa. Zeyana alitumwa kushuhudia na kutia sahihi, akasimama juani kwa siku mbili akitazama. Fundi alipanda juu kabisa akaanza na mabapa, na kila kipande kilichoshuka alikiandika namba kwa rangi nyekundu, moja, mbili, tatu, mpaka mia moja na kumi na mbili, ili siku ya kuusimamisha tena pasiwe na mtu wa kubahatisha. Wanawake walikaa kando ya birika bila ndoo. Mmoja alisema, "Shemeji anarudi kwao, tumemkosea nini?" Hakuna aliyecheka.

Maua alisubiri kaka yake aguse ardhi.

"Nilidhani watakuja watu wa serikali," alisema. "Kumbe wa kuuangusha ni mtoto wa mama yangu."

"Nimeukunja, Maua. Sijauvunja. Kila chuma kina namba."

"Ndoo yangu itajua tofauti?"

"Maua, wangeukata kwa mashoka."

"Wangeukata wao. Ningekuwa na wa kumlaani." Akajitanda khanga yake vizuri. "Sasa nimlaani nani, Lukumani? Nambie."

Tangu siku hiyo hakusema naye tena.

Vyuma vilihifadhiwa katika ghala la kijiji, Ndugu Masolwa akapokea ufunguo. Juu ya kisima cha misafara waliweka bamba la saruji, kwa kuwa uwanja wa mikutano hauwezi kuwa na shimo katikati yake. Nyuma ya majabali wachimbaji walikutana na mwamba, kama vigingi vilivyosema, wakahamia kando ya mto, wakapata maji kidogo ya chumvi. Pampu ya dizeli ilifika mwaka uliofuata. Ilikuwa ya kijani, nzuri, ikapokelewa kwa ngoma na hotuba. Ilifanya kazi siku kumi na tisa. Siku ya ishirini dizeli ikaisha, na dizeli wakati huo ilikuwa ikitafutwa na nchi nzima, hospitali zikiikosa, malori yakilala barabarani, seuze kijiji cha mbele ya Puge. Kila Ndugu Masolwa alipokwenda Nzega na pipa lake alirudi nalo tupu, limefungwa kwenye baiskeli, likipiga kelele barabara nzima kama linamcheka.

Wanawake wa Ilomelo wakashuka mtoni. Mto ule kiangazi ni mchanga mtupu, na maji yako chini yake. Unachimba kwa sahani, unateremka ndani ya shimo, unakinga kibuyu, unasubiri. Kadiri Oktoba inavyosogea, shimo linakwenda chini zaidi na kuta zake hazina cha kuzishika. Mwezi Oktoba 1976 Maua aliteremka katika shimo lililozidi urefu wake, na mchanga ukamfunika. Walimtoa kwa mikono na masufuria. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Zeyana alipata habari ofisini. Alikwenda Itetemia siku ya tatu ya msiba, akaingia upande wa wanawake, akakaa mkekani, akaondoka bila kumwona fundi. Alipokuwa anavuka uwanja sauti ikamfuata.

"Binti Darwesh. Nimeambiwa uliufuta kwa wembe."

Aligeuka. Lukumani alikuwa amesimama mlangoni pa karakana yake, macho mekundu.

"Ndiyo, mzee."

"Palibaki alama?"

"Hapakubaki."

"Sikukosea kukuona una mkono mzuri." Akafungua mlango. "Ingia. Lete kalamu."

Hakumsamehe, wala Zeyana hakuomba. Alichotaka fundi ni mwandishi. Alisema amefikiri, na ameona kwamba adui yake siyo Kornel, Kornel ni kitasa tu, mwenye kukifunga ni ile kanuni. Kanuni ibadilishwe. Siyo kwa ajili ya mnara wake, mnara wake umeshamuua dada yake kwa kutokuwepo. Ibadilishwe kwa ajili ya kila mtu mwenye upepo, au mto, au jua, anayeambiwa akakae nyuma ya mawe pamoja na injini.

Zeyana aliandika ukurasa mzima, kwa lugha ya chuoni. Aliposoma, fundi alitikisa kichwa.

"Mrefu mno. Ukimwita mtu aliye ndani ya kisima humsomei risala. Maneno machache, yafike chini."

Walikata, wakakata tena. Mwishowe yakabaki maneno kumi: *Mashine isiyotumia moto wala mafuta itasimama pale inapopata nguvu yake.*

Maneno hayo kumi yalianza safari iliyochukua karibu miaka mitatu. Halmashauri ya kijiji iliyapitisha. Kata iliyapoteza, ikaletewa nakala. Wilaya iliandika kwamba suala linashughulikiwa. Mkoa uliuliza mashine isiyotumia moto ni mashine gani, na Lukumani akatengeneza mnara mdogo wa bati wa urefu wa mkono, akaufunga kwenye baiskeli akauendesha hadi ofisi ya mkoa huku ukizunguka njiani, akauacha mezani kwa karani. Karani aliupeleka nyumbani kwa watoto wake. Fundi alitengeneza wa pili. Aligeuza viti katika ofisi zote za Tabora, na katika nyingine walianza kumwacha asimame ili asikwaruze sakafu.

Kila alipokwama alimwendea Zeyana nyumbani kwa Darwesh, akasimama barazani, hakuingia tena sebuleni.

"Wamesema nini?"

"Wamesema tusubiri kikao, mzee."

"Kikao. Mimi nikitengeneza ndoo inayovuja, mwenye ndoo ananipiga nayo kichwani kesho yake. Hawa wametengeneza kitu kimeua mtu, wanasubiri kikao."

Kikao kilikuja Aprili 1979. Kanuni za ramani za vijiji zilikuwa zikipitiwa upya, na Ndugu Kornel, aliyekwisha kupanda cheo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Zeyana ndiye aliyeandaa rasimu. Aliyaweka maneno kumi katika kifungu cha eneo la mitambo, mwishoni, bila kuyakoleza wala kuyapigia mstari.

Ndugu Kornel alifika hapo akasimama.

"Habari hizi za upepo kaleta nani?"

"Mimi," Zeyana alisema.

"Binti, hili tulilimaliza siku nyingi."

"Halikumalizika, ndugu. Lilikwanguliwa." Safari hii alimtazama usoni. "Nililikwangua mimi kwa amri yako. Ilomelo kulikuwa na maji. Tulikuta maji, tukachora ramani, maji yakaondoka. Pampu tuliyowapa imefanya kazi siku kumi na tisa katika miaka minne. Kuna mtu alikufa akichimba mchanga kwa sahani, hatua mia mbili kutoka kwenye kisima tulichokifunika ili tupate mahali pa kuhutubia. Nimelala nyumbani kwake. Nikisomewa tena kifungu cha moshi nitauliza kila mmoja hapa aniambie upepo unatoa moshi wa rangi gani."

Kisha mjumbe mmoja kutoka idara ya maji, mtu aliyechoka, alisema kwamba kwa kweli dizeli yote imekwenda vitani Uganda, na kama kuna mtu anaweza kuvuta maji bila dizeli yeye hana haja ya kujua mnara umesimama wapi, usimame hata juu ya meza hii. Watu wakacheka. Maneno kumi yakapita, kwa sababu ya vita na kwa sababu ya kicheko. Zeyana hajawahi kujidanganya kwamba yalipita kwa sababu ya Maua.

Waraka ulitoka mwezi Juni. Zeyana hakumpelekea fundi kwanza. Alikwenda Ilomelo, akiwa na nia ya kurudi na habari nzima, kwamba waraka upo na vyuma vipo na kazi ianze.

Ndugu Masolwa alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akaanza kuuliza habari za mjini moja baada ya nyingine. Zeyana aliomba kuona ghala.

"Ghala liko wazi," Masolwa alisema. "Limejaa mahindi, unajua mwaka huu…"

"Vyuma, ndugu mwenyekiti."

Masolwa alivua kofia. Akampeleka uwanjani. Magoli yote mawili yalikuwa ya chuma, imara, na kwenye nguzo moja rangi nyekundu ilikuwa haijafifia: kumi na nne. Paa la ofisi ya tawi la chama lilishikiliwa na thelathini na moja hadi arobaini. Mabapa ya mapipa yalikuwa mlango wa choo cha shule. Ekseli aliichukua mtu wa mkokoteni. Ngozi ya kiwambo waliila panya.

"Walisema kilichokataliwa na ramani si mali ya mtu," Masolwa alisema. "Shule iliomba. Chama kiliomba. Mimi ningemkatalia nani?"

Kando ya bamba la saruji wanawake walikuwa wakipita na ndoo kichwani, wakitoka mtoni. Mmoja alimkumbuka akamwamkia, "Mwangaluka," naye akaitikia, na yule mama akapita bila kusimama kwa sababu ndoo ilikuwa nzito.

Itetemia alifika siku ya pili, mchana. Lukumani alikuwa hatoki tena kitandani. Kifua kilimbana tangu masika, na mikono ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba binti ya jirani ndiye aliyemshikia kikombe. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa kikatazama mlango. Alimwitikia shikamoo yake, akamwambia asome.

Zeyana akasoma waraka wote, namba, tarehe, kifungu, mpaka maneno kumi. Hapakuwa na neno lililobadilishwa.

"Mmh," fundi alisema.

"Wameyaacha kama ulivyosema, mzee. Na kuna watu wa Bukene, shule moja huko, wameshaomba kibali. Watajenga mwaka huu. Waraka ndio umewapa."

"Bukene kuna upepo mzuri." Akapumzika. "Ilomelo umefika?"

"Nimefika."

"Namba zangu?"

Alikuwa amejiandaa kumdanganya. Njia nzima kutoka Puge aliutunga uongo huo, ulikuwa uongo wa huruma, hauna ubaya. Lakini alikuwa amekwisha kunyamaza mbele ya mtu huyu mara moja. Akamwambia. Magoli, paa, mlango wa choo, mkokoteni, panya. Alimwambia pia kwamba kisima bado kimefunikwa na wanawake bado wanatoka mtoni.

Lukumani alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, hakuwa nayo tena. Alinyoosha mkono, Zeyana akadhani anataka kuushika ule waraka, akamsogezea, naye akausukuma ukamrudia kifuani.

"Wapelekee wao wa mtoni, binti Darwesh," alisema. "Waambie wakachotee maji."